Uzi: Bili ya ponografia mtandaoni, nani hasa anailipa?

Mzee wa Saiba

Wadau, habari za jioni. Kwenye kundi la WhatsApp la ploti yetu huku Umoja kumewaka moto tangu juzi. Mpangaji mmoja alituma sauti ya mhubiri anayedai kwamba theluthi moja ya intaneti yote ni video za ngono, na kwamba sababu ni moja tu: kizazi hiki kimelaaniwa. Wengine wakalaumu wazazi, wengine wakawalaumu akina dada wa Instagram. Nilipojaribu kujibu nikaambiwa niache kutetea uchafu, halafu admini akafunga mjadala. Basi nimeuleta huku ambako watu husoma kabla ya kutukana. Wengi wenu, angalau.

Msimamo wangu ni huu. Tamaa si kitu kipya; Nairobi ya 1985 ilikuwa nayo kama ya leo. Kilichobadilika ni bili. Ponografia imestawi mtandaoni kwa sababu anayevuna pesa zake amefaulu kuwasukumia wengine karibu kila gharama: ya kuirekodi, ya kuisafirisha, ya kusafisha takataka zake, hata ya aibu.

Kwanza hizo takwimu za mhubiri, maana zinatupoteza. Mchezo wa kutaja asilimia za kutisha ulianza zamani. Julai 1995 jarida la Time la Marekani liliweka ponografia ya mtandaoni kwenye jalada, likitegemea utafiti wa Marty Rimm, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Ikadaiwa kwamba asilimia 83.5 ya picha katika vikundi vya picha vya Usenet (mabaraza ya mijadala ya intaneti ya zamani) ni za ngono. Wataalamu wakiongozwa na Donna Hoffman na Thomas Novak waliuchambua utafiti ule ukabaki mifupa mitupu: vikundi vilivyopimwa vilikuwa kipande kidogo mno cha intaneti ya wakati huo. Lakini namba ilikuwa imeshanukuliwa katika Seneti, na namba ikishaingia bungeni au kanisani haitoki tena.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha watafiti Ogi Ogas na Sai Gaddam, walioangalia tovuti milioni moja zenye wageni wengi zaidi duniani, yapata mwaka 2010. Za ngono zilikuwa kama asilimia 4. Katika yale ambayo watu huyaandika wanapotafuta kitu, ngono ilikuwa kama asilimia 13. Asilimia 4 si theluthi. Ila hiyo 13 si haba, na tofauti kati ya namba hizo mbili inasema kitu: maduka ni machache, foleni ni ndefu.

Sasa tuje nyumbani. Wanaoikumbuka River Road ya kanda za VHS wanajua biashara ile ilivyokuwa. Muuzaji alihitaji mashine mbili za kunakili, kanda tupu, chumba cha nyuma, na roho ngumu, kwa sababu kifungu cha 181 cha Kanuni ya Adhabu kinamtishia miaka miwili ndani au faini ya shilingi 7,500. Kila nakala ilimtoa pesa mfukoni. Mnunuzi naye alilipa mara mbili, kwa noti na kwa uso. Ilibidi umtamkie mtu mzima mwenzako unachotaka, huku ukiomba Mungu shemeji yako asipite.

Kisha zikaja saiba, yaani vyumba vya kulipia intaneti kwa dakika. Nilikuwa na yangu karibu na Moi Avenue mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndiyo asili ya jina langu hapa. Mteja wa mambo hayo ulimjua kwa kuitaka kompyuta ya kona, ile iliyopakana na ukuta. Intaneti yetu ilitoka kwa satelaiti, picha moja ilishuka taratibu kutoka nywele kwenda chini, na dakika zinahesabiwa. Jamaa analipia dakika tatu kabla picha haijafika mabegani! Nikipita kuangalia printa, anafungua Yahoo kwa haraka kama mwizi wa kuku. Hiyo ndiyo ilikuwa breki. Haikuwa maadili, ilikuwa mwendo wa laini na macho ya mwenye saiba.

Mwaka 2009 breki zikakatika. Nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kupitia baharini, bei ya intaneti ikaanza kushuka, halafu simu za kupangusa zikashuka bei Luthuli Avenue hadi mwanafunzi akaweza kuimiliki. Mwanasaikolojia Mmarekani Al Cooper alikuwa ameshaandika tangu 1998 kwamba nguvu ya ngono mtandaoni inatoka kwenye vitu vitatu: inapatikana wakati wowote, ni rahisi kwa bei, na hakuna anayekujua. Saiba yangu ilikuwa na nusu ya kile cha kwanza tu. Simu chini ya blanketi ina vyote vitatu.

Nitaendelea, chai inapoa.

Kijana wa Embakasi

Mzee, heshima kwako, lakini hapo kwa bili umeniacha. Hizo video ni bure. Mimi (yaani jamaa yangu) hajawahi kulipa hata bob moja. Sasa kama hakuna anayelipa, wenye tovuti wanakula nini? Upepo?

Mzee wa Saiba

Mwambie huyo jamaa yako kwamba yeye si mteja. Yeye ndiye bidhaa.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo. YouTube ilianza 2005 na kuufundisha ulimwengu jambo moja: huhitaji kutengeneza video, fungua tu mlango watu wakuletee. Pornhub ikaanzishwa 2007 kwa mtindo uleule, na nyingine nyingi zikafuata. Yeyote aliweza kupakia chochote. Wengi walichopakia hakikuwa chao, kilikuwa cha studio za California zilizokuwa zikiuza DVD na uanachama wa kila mwezi. Studio zikakuta kazi yao inagawiwa bure. Kudai kila nakala iondolewe ni kazi ya kuchota maji kwa pakacha, kwa hiyo mapato yakaanguka.

Mwaka 2010 akaingia Mjerumani mmoja, Fabian Thylmann. Huyu hakuwa mtengenezaji wa filamu, alikuwa mwandishi wa programu. Alikuwa ametengeneza programu ya kufuatilia ni nani amemleta mteja gani kwenye tovuti gani, ili aliyemleta alipwe kamisheni yake. Akanunua Pornhub na tovuti nyingine, akaiita kampuni yake Manwin, kisha akaanza kuzinunua hata studio zilizokuwa zikilia kwamba tovuti za aina hiyo zinaziua. Yaani unapokonywa shamba, halafu unaajiriwa ulilime. Mwaka 2013 aliuza, jina likawa MindGeek, na tangu Agosti 2023 inaitwa Aylo, wafanyakazi wake wengi wakiwa Montreal. Hizo tovuti nyingi unazodhani zinashindana, kwa sehemu kubwa ni za mwenye nyumba mmoja. XVideos ni ya kampuni nyingine, yenye makao Jamhuri ya Cheki, lakini mtindo ni uleule.

Sasa wanakula nini? Wanakula macho. Aylo ina mtandao wake wa matangazo uitwao TrafficJunky. Google haikubali matangazo ya ngono, makampuni ya sabuni na ya soda hayataki kuonekana huko, kwa hiyo watangazaji ni wale ambao hawana pa kwenda: wauza dawa za nguvu za kiume, kamari, tovuti za wachumba. Jicho moja huuzwa kwa pesa kidogo mno. Basi inabidi macho yawe mengi mno, ndiyo sababu video ni bure na ndiyo sababu ukurasa haukuachii uondoke. Kila unachobofya kinahesabiwa, na kinachobofywa ndicho kinachosukumwa mbele. Huko hakuna mhariri, kuna hesabu tu.

Gharama ya kusafirisha je? Hiyo anailipa jamaa yako kwa bando lake. Kanda ilikuwa ikisafirishwa na muuzaji; video inasafirishwa na mtazamaji.

Karani

Naingia kwa upande wa sheria maana ndiyo kazi yangu. Mzee amegusia gharama lakini ameacha ile kubwa kuliko zote, yaani ya kushtakiwa.

Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kusafisha intaneti, iliyokusudiwa kuwakinga watoto dhidi ya uchafu. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Reno dhidi ya ACLU, Mahakama ya Juu ilivifuta vipengele vile vya uchafu kwa kuwa vilibana mno uhuru wa watu wazima kusema. Lakini kifungu cha 230 kilibaki. Hicho kinasema mwenye jukwaa hahesabiwi kuwa ndiye mchapishaji wa kile kilichowekwa na mgeni wake. Kwa hiyo sheria iliyoletwa kufagia nyumba iliacha nyuma yake mwavuli. Bila kifungu hicho hata majukwaa ya kawaida kama haya yangekuwa na shida, nisikitupie lawama zote, lakini tovuti za ngono zilikaa chini yake vizuri sana.

Sisi Kenya tuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Kifungu cha 24 kinashughulikia ponografia ya watoto, adhabu hadi shilingi milioni 20 au miaka 25. Kifungu cha 37 kinamhusu anayesambaza picha za siri za mtu mwingine: hadi shilingi 200,000, au miaka miwili, au vyote viwili. Mwaka 2021 Aden Duale, wakati huo mbunge, alileta mswada wa kutaka kusambaza ponografia ya aina yoyote kuwe na adhabu nzito kama ya kifungu cha 24. Swali langu la siku zote: unamfunga nani? Mwenye seva yuko ng'ambo, anayekamatwa ni kijana wa Mwiki aliyetuma kwenye kundi.

Mama Watatu

Mficha uchi hazai, wacha niseme. Mnaongea habari za Montreal na Marekani, mimi niko na mtoto wa miaka kumi na mmoja hapa Donholm. Hakutafuta. Binamu yake alimwonyesha kwenye X, kule kwa watu wa habari na siasa. Nilipomuuliza akalia. Sasa mzee wangu, kama serikali iliweza kufunga Telegram wakati wa mtihani, inashindwaje kufunga hizi tovuti zote asubuhi moja tukapumzika?

Mzee wa Saiba

Pole sana, mama. Na umefanya vyema kumuuliza badala ya kumchapa.

Kuhusu X, ni kweli. Mwaka 2024 waliandika wazi kwenye masharti yao kwamba maudhui ya ngono ya watu wazima yanaruhusiwa, ingawa yalikuwepo hata kabla. Kwa hiyo dhana ya kwamba ponografia iko kwenye mtaa wake wa kando imepitwa na wakati. Waliwahi kujaribu kuitengea mtaa: mwaka 2011 vikwazo viliondolewa ili tovuti za ngono ziwe na kikoa chao, yaani mkia wao wa anwani, .xxx. Hawakuhamia. Nani aache duka la barabara kuu aende kupanga kichochoroni?

Kufunga kumejaribiwa. India iliagiza tovuti 857 zifungwe Agosti 2015, ikalegeza ndani ya siku chache baada ya kelele, halafu 2018 ikarudia tena. Uganda mwishoni mwa 2018 iliwaagiza watoa huduma wafunge tovuti 27. Tanzania ilifika mbali zaidi, 2023 ikataka kila mwenye VPN (programu ya kupenya tovuti zilizofungwa) aitolee taarifa. Na mfano wetu wenyewe ndio huo wa Telegram. Ilipobanwa Novemba 2023 wakati wa KCSE, na tena 2024, hata watu wasiojua kubadilisha mlio wa simu walijifunza VPN ndani ya siku moja. Mlango ulipofungwa, kila mtu alitoka na ufunguo wa milango yote.

Waingereza wamekuja na njia nyingine: tangu Julai 25, 2025 tovuti lazima zithibitishe umri kweli, si kubofya tu "nina miaka 18". Louisiana ilianza mambo hayo Januari 2023, Texas ikafuata, na Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaibariki sheria ya Texas. Pornhub ilijiondoa katika majimbo mengi kuliko kukubali. Upakuaji wa VPN ulipaa kote huko. Lakini tazama kilichotokea: kwa mara ya kwanza gharama ya kumzuia mtoto iliwekwa mlangoni kwa mwenye duka badala ya kwa mama wa Donholm. Yeye mwenyewe akapiga hesabu akaona ni nafuu kufunga duka. Hapo ndipo ninaposema bili.

Kwa nyumba yako kuna kitu unaweza kufanya leo, nitakuandikia chini kabisa ili kisipotee.

Kijana wa Embakasi

Kwa hiyo hakuna kitu kimewahi kuwatikisa hawa watu?

Mzee wa Saiba

Kimoja. Na si serikali.

Desemba 4, 2020 gazeti la New York Times lilichapisha makala ya Nicholas Kristof kuhusu wasichana wadogo ambao video za kubakwa kwao zilikuwa Pornhub, zikiondolewa na kurudi, zikiondolewa na kurudi, kwa sababu yeyote aliweza kupakia na yeyote aliweza kupakua. Habari yenyewe haikuwa mpya kwa waliokuwa wakipiga kelele miaka yote. Kilichokuwa kipya ni nani aliisoma. Desemba 10 Visa na Mastercard zilikata malipo. Desemba 14 Pornhub ikazima kila video iliyopakiwa na mtu asiyethibitishwa. Video zilikuwa zaidi ya milioni 13, zikabaki chini ya milioni 3. Siku nne!

Fikirieni hilo. Kwa miaka kumi na zaidi waliambia ulimwengu kwamba haiwezekani kukagua kila video, ni nyingi mno, teknolojia haijafika. Ilipoguswa kadi, ikawezekana kabla ya Krismasi.

Agosti 2021 ikarudiwa kwa namna nyingine. OnlyFans, tovuti ya Uingereza ambako mtu huuza video zake kwa wafuasi wanaolipia, iliyoanzishwa 2016, ilitangaza ghafla kwamba itapiga marufuku video za ngono, yaani kile kilichoifanya ijulikane, ikasema ni kwa sababu ya mabenki. Siku sita baadaye ikaghairi. Mkono wa benki ukibana, inaimba wimbo mwingine; ukilegea, inarudi kwenye wimbo wake.

Na hii si ajabu ya leo. Ufaransa miaka ya 1980 ilikuwa na Minitel, vikompyuta vidogo vya shirika la simu vilivyowekwa majumbani. Huduma za mazungumzo ya mapenzi ziliota humo kama uyoga, zikiitwa za rangi ya waridi. Kwa nini? Kwa sababu shirika la simu la serikali lenyewe lilikusanya pesa kupitia bili ya simu ya nyumbani na kumgawia mwenye huduma. Mume anaandikiana na mrembo asiyemjua, bili inakuja kwa jina la familia. Malipo yakiwa mepesi na ya siri, biashara inastawi. Hakukuwa na laana yoyote ya kizazi, ilikuwa njia ya malipo tu.

Binti wa South B

Nimesoma kimya lakini hapa lazima niseme. Kaka, unashangilia Visa kana kwamba ni mtakatifu. Waliporudisha mkono benki zile, walioumia kwanza si mabwana wa Montreal. Waliothibitishwa, wenye vitambulisho, watu wazima waliokuwa wakiuza kazi yao wenyewe, ndio walikosa mapato. OnlyFans inakata asilimia 20, mtu anabaki na 80. Unajua kuna akina dada hapa Nairobi wanaolipa kodi ya nyumba na karo ya wadogo zao kwa njia hiyo? Hakuna aliyewashika mkono. Na nani alipigia Visa kura ya kuamua watu watazame nini? Leo ni ngono, kesho ni gazeti lisilopendwa na wakubwa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mnaongea kana kwamba wanaorekodiwa ni kitu kimoja. Kuna anayejirekodi kwa hiari, na kuna anayerekodiwa na mpenzi wake halafu wakikosana video inaishia kwenye kundi la Telegram ambako admini anauza kiingilio kwa M-Pesa. Hao wawili mnawaita kwa jina moja, kisha mnashangaa kwa nini yule wa pili haendi polisi. Akienda, swali la kwanza ni kwa nini ulikubali kurekodiwa.

Mzee wa Saiba

Dada, hoja yako ina uzito na haipingani na yangu. Mimi sijasema Visa ni nzuri. Nimesema ina nguvu, na kwamba nguvu hiyo iko mikononi mwa watu ambao hatuwezi kuwaondoa kwa kura ndilo tatizo jingine, kubwa.

Na hapo kwa Telegram umeitaja Nairobi yenyewe. Tazama bili ya lile kundi. Admini ana simu na laini. Hakurekodi, hakuomba ruhusa, halipii seva. Kila mwanachama analipa mia mbili au mia tatu. Bili yote inabebwa na msichana mmoja ambaye jina lake, chuo chake na namba yake vimeandikwa chini ya video. Anahama mtaa, anabadilisha kanisa, anakosa kazi. Kifungu cha 37 alichotaja Karani kiliandikwa kwa ajili ya mtu huyu, na ninaamini kikitumika dhidi ya admini watano wenye makundi makubwa kitafanya kazi kuliko kuwasaka watazamaji laki moja. Pesa za M-Pesa zina jina la mpokeaji. Hakuna ushahidi mwepesi kuliko huo.

Waliowahi kuidai bili irudi kwa mwenyewe wapo. Wanawake 22 walishtaki tovuti ya GirlsDoPorn huko San Diego. Walikuwa wamedanganywa kwamba video hazitawekwa mtandaoni kamwe, ni za wanunuzi wa DVD wa ng'ambo tu. Januari 2020 mahakama iliwapa fidia ya dola milioni 12.7. Lakini ona ilivyochukua miaka, na video ilichukua dakika.

Sasa imekuja akili bandia, ambayo haihitaji hata kamera. Kampuni ya Deeptrace ilipohesabu video za kughushi nyuso mwaka 2019, asilimia 96 zilikuwa za ngono. Hapo mtu hakuvua nguo popote, na bado anapewa bili.

Kuna bili nyingine ambayo huletwa Nairobi bila sisi kuiona, nayo ndiyo iliyonifanya niandike uzi huu. Mmewahi kujiuliza kwa nini Facebook haijajaa ngono ilhali watu wale wale wanaotumia X ndio wanaotumia Facebook? Ni kwa sababu kuna watu wanaokaa mbele ya skrini siku nzima wakitazama kila kinachoripotiwa, wanabofya ondoa, ondoa, ondoa. Kwa miaka kadhaa baadhi yao walikuwa hapa hapa jijini, wakifanya kazi chini ya kampuni ya Sama. Jarida la Time liliandika Februari 2022 kwamba wengine walilipwa dola 1.50 kwa saa. Mei mwaka huo Daniel Motaung, kijana kutoka Afrika Kusini aliyewahi kufanya kazi hiyo, akazishtaki Sama na Meta, mwenye Facebook, katika mahakama za hapa Nairobi. Meta ikasema haiwezi kushtakiwa Kenya. Mahakama ikakataa dai hilo Februari 2023, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Septemba 2024. Desemba 2024 zikajulikana ripoti za daktari zilizowasilishwa katika kesi ya wenzake: zaidi ya wafanyakazi 140 walikuwa na maradhi ya msongo baada ya kiwewe. Walichotazama kilikuwa mauaji, ubakaji, watoto wakidhulumiwa.

Kwa hiyo ndugu zangu, intaneti safi ina gharama, na gharama yake ni akili ya mtu wa mtaa wa Pipeline anayerudi nyumbani usiku asiweze kula. Intaneti chafu haina gharama hiyo, mwenye tovuti anaacha tu mlango wazi. Mkiweka biashara mbili kando kwa kando, moja inalipa wafagiaji na nyingine hailipi, mtashangaaje ile isiyolipa ikinenepa? Na hata ile inayolipa ilitafuta wafagiaji wa bei ya chini kabisa.

Karani

Nikubaliane nawe kwa hilo la M-Pesa, ila usilifanye jepesi. Mpokeaji anaweza kuwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, na wapelelezi wanahitaji amri ya mahakama kupata kumbukumbu. Si haba, lakini mlalamishi lazima awepo, na hapo tunarudi kwenye swali la Binti wa South B kuhusu anavyopokewa kituoni.

Mama Watatu

Asanteni nyote. Nimejifunza. Lakini mzee wangu uliniahidi.

Mzee wa Saiba

Sijasahau, mama. Kwenye simu ya Android ya toleo la 9 kwenda mbele, fungua mipangilio, upande wa mtandao, utafute DNS ya faragha. Chagua sehemu ya kuandika jina la mtoa huduma, uandike family.cloudflare-dns.com kisha uhifadhi. Hiyo ni huduma ya bure ya Cloudflare inayokataa anwani za tovuti za ngono kabla hazijafunguka. Inafanya kazi kwa bando na kwa waifai pia.

Mipaka yake uijue. Haioni kilicho ndani ya X, Telegram wala WhatsApp, kwa sababu humo ngono na habari zinatoka mlango mmoja. Hizo mwondolee kabisa kwenye simu yake. Miaka kumi na mmoja hana biashara X. Na mtoto akishajua VPN, kichungi kimekwisha, kwa hiyo funga pia uwezo wa kupakua programu bila nywila yako. Binamu naye zungumza na mama yake, kwa upole, maana huenda naye hajui.

Mama Watatu

Simu imekubali. Nimejaribu tovuti moja mwenyewe kuhakikisha (msinicheke), imegoma. Sasa TV ya sebuleni? Hiyo ina YouTube na kivinjari na haina mahali pa kuandika jina.

Mzee wa Saiba

TV nyingi zinataka namba badala ya jina. Weka 1.1.1.3 ya kwanza na 1.0.0.3 ya pili. Ikikataa, ingia kwenye ruta ya waifai uziweke huko, zitashika kila kifaa cha nyumba. Nywila ya ruta huwa imebandikwa chini yake. Ukimaliza ibadilishe, la sivyo huyo binamu ataisoma kabla yako.